Usiizibe Jenereta Mdomo



Leo nazungumza na wewe unayekula kwa jasho la bahari. Wewe wa boti za uvuvi Kilifi na Malindi, wewe unayepeleka wageni kuvua Watamu, wewe unayelinda boti ya tajiri pale Mtwapa na kulala humo humo usiku, na wewe mama unayengoja gatini na kasha lako la barafu. Wengi wenu mnajua kwamba kabla ya kuitwa mchungaji niliitwa fundi. Miaka kumi na moja niliishi katika vyumba vya injini, magoti ndani ya ngama, tochi mdomoni. Spana niliiweka chini, maswali hayakuniacha. Tangu kusi ianze kuvuma, ujumbe ninaoupata ni ule ule: "Pastor, tuombee, jenereta ya boti inajizima."

Nitakuombea, hilo halina mjadala. Lakini nijibu kwanza. Umefungua chujio la maji ya bahari? Umechomoa kijiti cha kupimia oili ukakitazama kwa macho yako mwenyewe, si kwa macho ya kijana uliyemtuma?

Usicheke. Kuna mambo tunakesha tukiyalilia na jibu lake liko umbali wa mkono.

Jenereta ya nyumbani imekaa uani, upepo unaipiga pande zote, na ikizima unawasha mshumaa. Ya boti imefungiwa ndani ya sanduku chini ya sitaha. Inavuta hewa ya chumvi, inayumba mchana kutwa, na inapozwa na maji ya bahari yale yale yanayotaka kuila. Nayo ndiyo inayobeba friji ya samaki, taa, redio, na chaji ya betri zinazoendesha pampu ya ngamani. Ikizima usiku nje ya mwamba, si giza tu. Samaki wa siku tatu wanaanza kulainika, na karo ya mtoto wa mtu iko ndani ya friji ile.

Kwa hivyo naielewa hasira yako inapojizima mara ya tatu. Naelewa pia mtu anavyofikia kufanya jambo ninalotaka kulikemea leo.

Jenereta nyingi za boti zina walinzi wawili wadogo. Mmoja anapima msukumo wa oili, mwingine anapima joto. Oili ikikosa nguvu, au joto likipita kiasi, mlinzi anakata mafuta na injini inasimama. Haina namna nyingine ya kuongea na wewe. Sasa anakuja fundi wa haraka, anasikiliza dakika mbili, anasema, "Hii swichi ndiyo inasumbua." Anachomoa waya, au anaunganisha waya mbili pamoja, kutegemea jenereta ilivyoundwa. Jenereta inawaka na haizimi tena. Analipwa, anapanda bodaboda, anaondoka.

Ameiziba mdomo.

Nilishuhudia moja hivyo, boti iliyokuwa na jodari wa kuuza hotelini. Jenereta ilikuwa ikijizima kila baada ya dakika ishirini hivi. Mwenye boti hakutaka kungoja, akamwita mtu wa karibu, swichi ya joto ikafungwa mdomo. Ilienda saa tatu bila kusita. Nilipoitwa mimi, silinda hedi ilikuwa imepasuka na injini haizunguki hata kwa spana ndefu. Nikapiga mbizi chini ya boti kutafuta chanzo. Nikapata mfuko wa plastiki, ule mwembamba wa mkate, umejibandika kwenye tundu la kuingizia maji. Mfuko wa mkate! Nahodha, mzee wa makamo ya baba yangu, aliutazama mkononi mwangu akasema, "Mwanangu, jana ilikuwa ikizima, lakini ilikuwa nzima."

Sijawahi kusikia mtu akiieleza vizuri kuliko hivyo.

Usidhani ni boti ndogo tu. Tarehe 23 Machi 2019, meli ya watalii inayoitwa Viking Sky, meli mpya ya miaka miwili, ilikuwa katika dhoruba kali pwani ya Norwei na watu 1,373 ndani. Ilikuwa na jenereta nne za dizeli, moja ikiwa mbovu inangoja matengenezo. Tatu zilizobaki zikajizima. Meli nzima ikakosa nguvu, upepo ukaanza kuisukuma kwenye miamba. Watu 479 walivutwa mmoja mmoja kwa kamba hadi kwenye helikopta. Wachunguzi waliandika baadaye kwamba meli ilikaribia kugonga mwamba, umbali usiozidi urefu wake yenyewe.

Chanzo? Oili. Matenki ya oili ya jenereta yalikuwa na kiwango cha chini kuliko kile mtengenezaji alichopendekeza. Bandarini, maji yametulia, hakuna tatizo. Lakini mawimbi yalipoilaza meli huku na huku, oili ile kidogo ilikimbilia pembeni, pampu ikavuta hewa, msukumo ukashuka, walinzi wakafanya kazi yao. Mpendwa, oili ya kutosha ukiwa umefunga gatini inaweza kuwa pungufu ukiwa nje na kusi inakulaza. Pima boti ikiwa imekaa sawa, jaza hadi alama ya juu (usiipite), kisha angalia tena baada ya safari. Ikiwa kijiti kinatoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani ya oili; usiwashe kabisa.

Nije kwenye maji, maana kwa uzoefu wangu jenereta nyingi za boti zinazojizima zinalilia maji.

Ukishawasha, usikimbilie swichi ya friji. Nenda pale bomba la moshi linapotokea, utazame. Maji yanatakiwa yateme pamoja na moshi, pwa, pwa, pwa, kama mtu anayesukutua. Nusu dakika ikipita bila maji, zima. Ndani ya pampu mna gurudumu dogo la mpira lenye vidole, mafundi tunaliita impela, na mpira huo hulainishwa na maji yale yale unayovuta. Ukiuendesha mkavu unaungua upesi sana.

Umeshazima? Funga vali ya chini inayoingiza maji kabla hujagusa chujio. Nasema kabla, kwa sababu chujio likiwa chini ya usawa wa bahari na wewe ukafungua kifuniko, umeikaribisha bahari ndani. Toa majani, toa plastiki, toa vile vidudu vya ganda. Rudisha kifuniko na mpira wake ukiwa umekaa vizuri, maana kifuniko kinachovuta hewa ni sawa na mrija uliotoboka: utanyonya hadi mashavu yaume na soda haipandi. Halafu fungua vali tena. Mnacheka, lakini nimewahi kusafiri kutoka Mombasa hadi Kilifi kwa ajili ya jenereta iliyokuwa na ugonjwa mmoja tu, vali iliyosahauliwa.

Chujio likiwa safi na maji bado hayatoki, fungua pampu utoe impela. Hesabu vidole. Ikiwa vilikuwa sita na umebaki na vinne, kazi yako haijaisha ukiweka impela mpya. Viwili vilivyokatika viko mahali fulani mbele, mara nyingi vimekwama mlangoni pa kipoza joto, pale penye mirija myembamba. Vitafute mpaka uvione. Nimekuta vipande vya impela tatu tofauti ndani ya kipoza kimoja. Kila fundi aliyepita aliweka mpya, akapokea pesa, hakuna aliyehesabu. Ukiwa hapo hapo angalia zinki, kile kijiti kinachowekwa ndani ili chumvi ikile chenyewe badala ya kula shaba. Kikibaki nusu, badilisha. Ni cha bei ndogo ukilinganisha na kipoza kizima.

Sasa nisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo injini nzima huuawa na watu wanaojaribu kuiponya.

Jenereta imekataa kuwaka. Unashika stata. Haiwaki. Unashika tena, na tena, na tena, betri ikichoka unaleta nyingine. Unachosahau ni kwamba kila injini inapozunguka, pampu inavuta maji ya bahari na kuyasukuma kwenye ekzosi. Injini ikiwaka, moshi hupuliza yale maji nje. Haijawaka, kwa hivyo hakuna wa kuyapuliza. Sanduku la ekzosi linajaa. Maji yanapanda, yanarudi nyuma, yanapita kwenye vali, yanaingia ndani ya silinda. Na maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikija juu inakuta ukuta. Unasikia "tu!" moja nzito, na mkono wa pistoni umepinda.

Kwa hivyo ukijaribu mara mbili tatu bila mafanikio, funga vali ya maji. Stata usiishike zaidi ya sekunde kumi kwa mkupuo, ipumzishe. Fungua nati ya chini ya sanduku la ekzosi umwage kilichojaa. Na siku itakapowaka, fungua vali saa hiyo hiyo, mwache mtu mmoja asimame hapo hapo na kazi yake iwe hiyo tu. Kama umeshasikia ile "tu!", acha stata. Toa nozeli, zungusha injini kwa mkono, maji yatoke, badilisha oili, na ufanye hivyo leo. Chumvi ndani ya silinda haingoji Jumatatu.

Lakini mbona ilikataa kuwaka? Mara nyingi ni dizeli, na hapo ndipo kusi inapoingia. Miezi ya kaskazi bahari imetulia, uchafu umelala chini ya tenki kama mbuzi kivulini. Kusi ikija tenki linakorogwa. Maji, kutu, na ule utelezi mweusi unaoota pale maji na dizeli yanapokutana, vyote vinapanda na kuingia filtani. Ndiyo maana jenereta iliyokwenda vizuri Februari inakufa Juni, tena siku mbaya kuliko zote. Angalia kile kikombe cha chini ya filta: maji hukaa chini, dizeli juu. Mwaga maji. Beba filta za akiba, si moja. Na usilaze boti miezi na tenki nusu tupu, maana hewa ya usiku hutoa jasho ndani yake.

Filta ni safi na bado inakoroma na kufa? Huenda inavuta hewa. Hili linawasumbua hata mafundi, kwa sababu bomba lililo upande wa kuvuta linaweza kupitisha hewa ndani bila kuvujisha dizeli nje. Huoni tone. Unapapasa kila kiungo na vyote vikavu. Nikupe njia niliyofundishwa na fundi mkubwa wangu, na sijawahi kuona iliyo bora. Chukua mtungi safi wa lita 5, tia dizeli safi, uufunge juu ya usawa wa jenereta, upeleke mpira moja kwa moja kwenye pampu ya mafuta, toa hewa kwa pampu ya mkono, washa. Ikienda saa nzima bila kusita, injini haina kosa, ugonjwa uko kati ya tenki na filta. Ikifa hata kwa mtungi, basi tenki halina kosa, rudi kwenye injini. Umegawanya tatizo nusu kwa mtungi wa mafuta ya kupikia.

Angalia pia tundu la kupumulia la tenki. Boti zilizolala muda mrefu, nyigu hujenga humo kwa udongo. Fungua kifuniko cha tenki jenereta inapokaribia kufa. Ukisikia "fyuuu" na ikapata nguvu, umempata mwizi.

Na jambo hili limewachanganya wengi: katika boti nyingine, bomba la jenereta ndani ya tenki hufanywa fupi kuliko la injini kubwa, kwa makusudi. Dizeli ikishuka, jenereta inafa njaa kwanza, injini ya kukurudisha nyumbani inabakiwa na akiba. Kwa hivyo jenereta imezima, injini kubwa inakwenda, nawe unaanza kufungua nozeli katikati ya bahari. Funga vifaa. Aliyeunda boti alikuwa anakufikiria.

Moshi nao unasema. Mweusi: mzigo mkubwa mno, au injini haipati hewa. Bluu: inakula oili. Mweupe unaotoweka haraka huenda ni mvuke, na hapo rudi kwenye maji. Mweupe unaochoma macho ni dizeli isiyoungua.

Upande wa umeme nitapita haraka, kwa sababu sitaki mtu afe akisoma Facebook. Injini inanguruma vizuri na hakuna umeme? Anza na swichi kuu, imejikata mara nyingi kuliko unavyodhani. Zaidi ya hapo, kapasita inaweza kushika umeme hata jenereta ikiwa imezima, nayo haina huruma. Mwite mwenye kujua. Nitakataza moja tu: usikubali mtu azungushe skrubu ya mwendo ili "kuongeza nguvu". Umeme wetu ni mizunguko 50 kwa sekunde, na jenereta imeundwa kwenda mizunguko 1,500 au 3,000 kwa dakika ili kuutoa. Boti zinazotoka Marekani ni za 60, na hizo huenda 1,800 au 3,600. Soma kibao kilichobandikwa, upime kwa mita. Na friji ziwashwe moja moja, maana motokaa ya friji inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida.

Utaniuliza, mchungaji, mstari uko wapi leo? Fungua Matendo 27 usome mwenyewe. Usiku, dhoruba, na mabaharia wanahisi nchi iko karibu. Hawakubahatisha. Walitupa kamba wakapata pima 20, wakaenda mbele kidogo wakapima tena, pima 15. Ndipo wakajua wafanye nini. Ndani ya chombo hicho mlikuwa na mtu aliyekuwa ameahidiwa na malaika kwamba hakuna atakayepotea, na bado kamba ilitupwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Boti nyingi ndogo hazina jenereta ya kujengwa. Watu hununua zile za petroli za kubeba, zile za dukani, wanaiweka sitahani nyuma, wanavuta waya ndani, taa inawaka, simu zinachaji, maisha yanaendelea. Mwaka jana nilisimamia maziko ya kijana wa miaka 22 aliyelala katika boti ya namna hiyo. Walikuwa wawili, walinzi. Mvua ilinyesha, wakashusha turubai ili maji yasiifikie jenereta, wakafunga mlango wa kijumba, wakalala. Mwenzake aliamka alfajiri kichwa kikimpasuka, akaanguka mlangoni, na kule kuanguka na uso nje ndiko kulikomwokoa. Leo bado anasahau majina ya watu.

Hewa ile inaitwa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Unaweza kunusa moshi na ukazoea, lakini yenyewe huinusi. Inashika damu mahali pa hewa safi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kulegea. Na juu ya boti kila mtu atakwambia ni bahari tu imekushika, ingia ndani ulale. Ndani ndiko iliko! Ukisikia hivyo na jenereta inanguruma, toka nje kwanza, mtoe mwenzako, zima jenereta, kisha nendeni hospitali hata kama umepata nafuu.

Hata moshi unaopita kwenye maji ya ekzosi haujasafishwa hewa hiyo. Upepo ukitoka nyuma, au boti ikitulia gatini ubavu kwa ubavu na nyingine, moshi wa jirani yako unaingia kwako. Na petroli ina lake jingine: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka hadi ngamani na kukaa humo ukingoja cheche. Jenereta ya dukani haikuundwa isitoe cheche. Ijaze mafuta ukiwa nchi kavu, ikiwa imepoa.

Nimesema jenereta ikijizima inaongea. Hewa hii haina mdomo. Kuna kengele ndogo za betri zinazoipima na kupiga kelele, na hizo ndizo mdomo wake. Wenye boti mnaonisoma, na nawajua, mko viti vya mbele: kabla hujanunua redio ya muziki, nunua kengele hiyo uifunge karibu na pale mlinzi wako anapoweka kichwa. Mama wa yule kijana anaimba kwaya nasi. Aliniuliza baada ya maziko kama kulikuwa na kitu cha kumzuia mwanawe asilale usingizi ule. Nilimwambia kweli, kwamba kipo, na kinatosha kwenye kiganja.

Nimalizie na waya, kwa sababu hapa hakuna anayetazama. Tarehe 26 Machi 2024, usiku, meli ya makontena iitwayo Dali, karibu mita 300 kwa urefu, ilikuwa ikitoka bandari ya Baltimore, Marekani. Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Meli ikagonga nguzo ya daraja la Francis Scott Key, daraja likaanguka, wafanyakazi sita waliokuwa wakitengeneza barabara juu yake wakafa. Wachunguzi walipekua hadi wakafika kwenye waya mmoja. Ulikuwa umewekewa kibandiko cha jina, na kibandiko hicho kikauzuia kuingia sawasawa kwenye kishikizo chake. Ulikuwa umelegea. Kwetu huku hatuhitaji hata kibandiko, chumvi peke yake inatosha: kichwa cha betri kikiota unga wa kijani, stata inalia "ta-ta-ta" nawe unanunua betri mpya ya bure. Vuta kila waya kwa vidole, taratibu, jenereta ikiwa imezimwa na betri imefunguliwa. Unaocheza, ufungue, usugue hadi ung'ae, ukaze, upake grisi.

Alhamisi saa kumi jioni, baada ya maombi ya mchana, nitakuwa Kilifi penye boti za uvuvi na mzee mmoja wa kanisa ambaye bado anafanya kazi hii. Bure. Leteni tochi, mtungi wa lita 5, na impela zenu za zamani, hata zilizokatika, hasa zilizokatika. Aliyefungiwa swichi na fundi wa haraka aje pia, tutairudisha, na hakuna atakayeulizwa jina la fundi.

Na wewe uliyeniandikia jana saa sita usiku kutoka Ngomeni, mwanangu, nimeona ujumbe wako. Usiiwashe tena. Nitumie picha ya kijiti cha oili, pande zote mbili, na ya chujio likiwa wazi. Simu yangu itakuwa wazi hadi saa nne usiku.